Fundi Aulizwapo

Nataka tufikiri pamoja juu ya neno moja lililo dogo machoni, lakini limenisumbua miaka mingi, yaani neno la kumwuliza mtu. Twajua sote kwamba mgeni ajaye na msaada yampasa kuuliza kwanza. Siku hizi hapana asiyelisema. Wenye kushughulika na maendeleo, wa kwetu na wa ng'ambo, hulitia katika karatasi zao zote: wenyeji washirikishwe, mafundi wa mahali wasikilizwe. Vema. Lakini kumwuliza mtu ni nini hasa? Na yatupasa kumwuliza kwa sababu gani? Je, ni kwa kuwa kazi itafaulu zaidi, au ni kwa kuwa ni haki yake kuulizwa, hata ikiwa kazi haitafaulu zaidi?

Nianze na habari niliyoiona kwa macho yangu. Nilipokuwa kijana, huko kwetu milimani Upare, bibi zetu walifinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu, na kuvichoma uwanjani kwa kuni na majani makavu. Kazi ile ilikuwa ya wanawake, kama vile uhunzi ulivyokuwa kazi ya ukoo wa Washana. Siku moja walikuja wageni na gari, wakawaita wafinyanzi chini ya mti. Walikuwa na kalibu za chuma za kutengenezea majiko ya udongo, ili kuni zipungue na msitu upone. Nia yao ilikuwa njema, wala sitaki mtu awadhihaki. Wakaeleza matumizi ya kalibu, kisha wakauliza kwa kinywa cha mkalimani: Je, mwaionaje?

Wanawake walinyamaza. Ndipo bibi mmoja mzee, ambaye vyungu vyake vilijulikana mpaka soko la bondeni, alisema, "Wanangu, na nikisema siitaki, mtafanya nini?"

Mkalimani alitafsiri. Mgeni mkubwa wao akacheka kwa adabu, akaandika neno katika daftari lake, akaendelea. Kalibu zilikwisha tengenezwa, zimehesabiwa, zimo garini. Jioni ziligawanywa, na kila mmoja aliyepokea alitia kidole gumba chake katika wino. Nadhani katika hesabu za watu wale wanawake wale waliandikwa kuwa wameulizwa na kukubali.

Majiko yale mengi yalipasuka. Udongo wa kwetu hautaki kukaukia ndani ya chuma. Hujikunja, na penye kona hufanya ufa usioonekana mpaka moto uuonyeshe. Bibi zetu huchanganya mchanga kwa kipimo kisichoandikwa popote ila katika viganja vyao, na kipimo hicho hubadilika kwa udongo wa shimo hili na wa shimo lile. Hapana aliyewauliza habari za mashimo. Lakini naomba msomaji asikimbilie kwenye ufa wa jiko. Mimi mwenyewe kwa muda mrefu nilidhani kwamba kosa la wale wageni lilikuwa kutojua udongo. Sasa naona kwamba swali la yule bibi lilikuwa limekwisha kuwahukumu kabla jiko lolote halijaingia motoni.

Basi tutazame kazi nyingine iliyofanikiwa, tuone kama hapo twaweza kujifunza tofauti. Wengi wenu mnalo nyumbani jiko la mkaa lenye mwili wa bati na kikombe cha udongo ndani yake, pana juu, jembamba kiunoni, pana tena chini. Zamani jiko la mjini lilikuwa la bati tupu, lililofuliwa kwa mapipa na vyuma chakavu. Husemwa kwamba namna hiyo ililetwa na Wahindi walipokuja kujenga reli. Jiko lile huunguza mikono, na moto wake mwingi hupotea ubavuni. Mwezi wa Agosti mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi juu ya nguvu za jua, upepo, kuni na kadhalika, na habari za majiko zikapata wasikilizaji. Huko Siam, yaani Thailand, watu walikuwa na jiko la ndoo lenye udongo ndani. Wataalamu, miongoni mwao Maxwell Kinyanjui wa Kenya, walichukua fikira ile wakaanza kuitafutia umbo la Afrika ya Mashariki.

Majaribio ya kwanza hayakuwa mazuri. Vikombe vya udongo vilipasuka, na wanawake waliopikia wakaleta malalamiko yao. Tafadhali fikirini jinsi ugali unavyosongwa. Mpishi hushika mwiko kwa mikono miwili akausukuma kwa nguvu za mabega. Jiko lenye umbo la ndoo, jembamba chini, litakaaje imara? Mwishowe lilipatikana umbo la kengele mbili zilizogusana visogo, ndilo hili mlijualo. Udongo ukawekwa nusu ya juu tu, mahali mkaa unapokaa. Jiko likawa jepesi na rahisi zaidi, na mkaa ukapungua kwa theluthi, pengine hata nusu.

Tena, jambo nilipendalo zaidi katika habari hii, hapakujengwa kiwanda kimoja kikubwa. Kazi iliingia mikononi mwa mafundi waliokuwa wakifua mabati tangu zamani, kama wale wa Shauri Moyo huko Nairobi, watendao kazi juani wala hawana dari, na kwa hiyo wakaitwa jua kali. Mmoja hukata na kukunja bati. Mfinyanzi mahali pengine hutengeneza kikombe na kukichoma. Wa tatu huviunganisha kwa saruji. Wa nne huuza. Hapana aliyejiandikia haki ya kuwazuia wengine wasiige. Fundi aliyeona jiko kwa jirani alilivunja, akalipima, akafanya lake. Bei ikashuka kwa sababu ya wingi wa waigao. Katika miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya nyumba za miji ya Kenya zilikuwa nalo, na likavuka mipaka mpaka Tanzania, Uganda, Rwanda na kwingineko.

Linganisheni na habari ya pampu iliyotoka Afrika Kusini, iitwayo PlayPump. Watoto walizungushwa juu ya bembea kama gurudumu, na mchezo wao ulivuta maji kutoka kisimani mpaka tangi lililo juu. Fikira nzuri! Waliosikia ng'ambo walifurahi mno, na mwaka 2006 huko Marekani serikali na matajiri waliahidi dola milioni 16.4 ili pampu 4,000 zisimamishwe katika nchi kumi za Afrika kabla ya mwisho wa mwaka 2010. Lakini watoto huchoka, na maji hutakiwa alfajiri, wakati ambapo mtoto amelala au yuko njiani kwenda shule. Huko Msumbiji, Malawi na Zambia wanawake walionekana wakilisukuma gurudumu lile kwa mikono, na wazee wa kike waliona haya. Mahali pengine pampu ya mkono iliyofanya kazi ilikuwa imeng'olewa ili kuipisha. Ilipoharibika, hapana aliyeweza kuitengeneza kijijini. Mwaka 2010 ulipofika mpango ule ulikuwa umekwisha kuachwa.

Na huku kwetu pwani, Kwale, mwanzoni mwa miaka ya 1980, pampu ya mkono ilijaribiwa miaka kadhaa mikononi mwa wanawake wa vijiji, na kila sehemu iliyowashinda ikatengenezwa upya. Hatimaye pampu hiyo, Afridev, yafunguliwa kwa spana moja tu. Wanawake wa kijiji walifundishwa kuitunza wenyewe. Mimi nimeona mama aliyejifunga kanga akitoa bomba la kisima na kulirudisha kabla uji haujapoa.

Kutokana na habari hizi mtu mwenye haraka atasema: Tumekwisha kupata jawabu. Tuulize mafundi na watumiaji, kwa kuwa wao wajua tusiyoyajua, na kazi itafaulu. Naam, ni kweli. Mkono wa fundi una elimu, ijapokuwa elimu hiyo haisemi. Asiyeiuliza hupoteza fedha.

Lakini mimi siridhiki na jawabu hili peke yake, na sababu yangu ndiyo hii. Ikiwa namwuliza mfinyanzi kwa kuwa ana maarifa ninayoyahitaji, basi namwuliza kama vile nichimbavyo shimo la udongo. Nikipata nilichotaka, sina haja naye tena. Na siku nitakapopata chombo cha kupima udongo kwa usahihi kuliko kiganja chake, nitakuwa na ruhusa ya kutomwuliza kabisa. Je, siku hiyo itakuwa si dhuluma kumletea kalibu bila neno lake? Jiko halitapasuka. Kuni zitapungua. Na bado yule bibi angeweza kusimama chini ya mti na kusema swali lake lile lile, nalo lingekuwa na uzito ule ule. Udongo ni wake, kazi ni yake, siku zake zilizosalia ni zake. Mtu mwingine amekata shauri zitumikeje.

Kwa hiyo nadhani ziko sababu mbili za kuuliza, nazo zafanana uso lakini hazifanani moyo. Ya kwanza yatazama kazi, ya pili yamtazama mtu. Ya kwanza huridhika mgeni apatapo habari. Ya pili hairidhiki mpaka mwenyeji aweze kusema hapana, na hapana yake ibadilishe jambo fulani.

Labda mfano wa nchi za mbali utatusaidia hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mitambo ya kompyuta ilianza kuingia katika viwanda vya Norwe. Chama cha wafanya kazi wa chuma hakikungoja kuitwa barazani. Kilimwendea mtaalamu, Kristen Nygaard, kikamtaka awasaidie wanachama kuielewa mitambo ile, ili waweze kusema neno juu yake ingali inapangwa. Fikirini jinsi mambo yalivyogeuka: fundi ndiye aliyemwajiri mtaalamu. Na tangu mwaka 1981 mpaka 1985 huko Uswidi na Denmark wapigaji chapa wa magazeti waliketi pamoja na wataalamu kufikiri juu ya mitambo ya kazi yao. Mtambo haukuwapo bado, kwa hiyo walitumia visanduku vya karatasi ngumu na vipande vya mbao kana kwamba ndio mtambo, wakifanya kazi mbele yake na kusema: hapa mkono hautafika, hapa jicho litachoka. Nilipoisikia habari hii nilifurahi sana, kwa kuwa mzee wangu mmoja alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha chapa, na vidole vyake vilijua kisanduku cha kila herufi gizani. Hapana aliyemwuliza lolote mitambo mipya ilipokuja. Alipewa saa ya ukutani na barua ya shukrani.

Elimu hii ya kubuni vitu pamoja na wavitumiao imesafiri tangu wakati ule, ikafika kwetu ikiwa na jina zuri. Lakini naona imesahau mzigo mmoja njiani. Wale wapigaji chapa wa Uswidi walikuwa na chama, walikuwa na sheria nyuma yao, na bwana wao alijua kwamba wakikataa, gazeti la kesho halitatoka. Sauti yao ilikuwa na kitu ndani yake. Mfinyanzi wa mlimani ana nini? Akikataa, gari litakwenda kijiji cha pili. Mgeni anayo tikiti ya kurudi, yeye hana. Kuwaketisha wawili hawa kwenye mkeka mmoja na kuwapa kalamu za rangi hakuwafanyi kuwa sawa. Sisemi kwamba mkeka ni bure. Nasema mgeni akumbuke kwamba mkeka ni mdogo kuliko bahari iliyo kati yao, wala asidhani ameivuka kwa kuwa amevua viatu.

Labda mtu atanijibu: Wewe wawafanya mafundi kuwa malaika. Hasha. Fundi naye hupenda faida. Wale waigaji wa jiko niliowasifu walikuwamo waliopunguza unene wa udongo ili wauze rahisi, na kikombe kikavunjika kabla ya mwezi kwisha; mama mjane aliyekinunua aliamini kwamba majiko yote ya namna ile ni udanganyifu. Tena fundi hupenda kukilinda alichokizoea. Kama wahunzi tu wangeulizwa, majembe ya kiwandani yasingeingia nchini, na migongo ya wakulima ingelipa. Na msitu ulioungua mkaa, na wale wakaao chini ya msitu ambao chemchemi zao zimekauka, hao walikuwa katika baraza gani?

Neno hili lanikata, wala sina jawabu jepesi. Naona tu kwamba haki ya kukataa si haki ya kutawala. Mhunzi ana haki ya kukataa kufanya jembe la namna fulani kwa mkono wake. Hana haki ya kumkataza mkulima asinunue kwingine. Mfinyanzi ana haki ya kusema, "Sitaki kalibu yako," wala asinyimwe dawa au maji kwa ajili ya neno hilo; hana haki ya kusema msitu ukatwe mpaka mti wa mwisho. Mahali mambo haya yagongana, hapana budi kuwa na baraza iliyo kubwa kuliko mgeni na fundi, na katika baraza hiyo fundi asihesabiwe kuwa mtoto. Mpaka wenyewe uwekwe wapi, yapasa kuamuliwa kila mara, kwa jasho.

Tena kuna kukataa kwa namna nyingine, ambako wageni hawakusikii kwa kuwa hakuna maneno. Kwetu mtu mwenye adabu hamwambii mgeni "hapana" usoni. Atasema "tutaona", atasema "Mungu akipenda", atapokea kalibu na kuiweka nyuma ya nyumba. Mgeni ataandika: wamekubali. Miaka miwili baadaye atarudi na kuandika: ni wavivu. Yule bibi yetu alikuwa mkali kuliko wenzake kwa kuwa alilisema wazi lile ambalo wenzake walilisema kwa kunyamaza. Ningependa kila ajaye na msaada afundishwe kusoma kunyamaza kabla ya kufundishwa kuuliza.

Nayaandika haya sasa kwa sababu jambo jipya li mlangoni. Mwaka 2024 serikali yetu ya Tanzania ilitoa mpango mkubwa wa kupikia kwa nishati safi, ili ifikapo mwaka 2034 watu themanini katika kila mia wawe wameacha kuni na mkaa na kupikia kwa gesi, umeme na mengineyo. Mimi nauunga mkono. Nimewazika wanawake ambao vifua vyao vilijaa moshi tangu utoto, na nimeona vilima vilivyonyolewa. Hapana aliyewahi kupuliza moto wa kuni mbichi ambaye atalilia moshi.

Lakini nilipokwenda sokoni mwezi uliopita nilipita mahali wanapofua majiko. Mnapajua mahali kama pale. Mtu husikia nyundo kabla ya kuona watu. Fundi mmoja, mtu wa makamo, alikuwa akikunja ukingo wa bati juu ya kipande cha reli, na kijana wake akipaka saruji kati ya bati na kikombe cha udongo. Nikamsalimu, nikamwuliza biashara. Akasema ni ya kubabaisha. Wengine wamekwisha nunua mitungi ya gesi, wengine wana vyote viwili, gesi kwa chai na mkaa kwa maharage.

Nikamwuliza kama wamewahi kuitwa na yeyote kuzungumza juu ya mpango ule mpya, yeye na mafundi wenzake na wafinyanzi wawaleteao vikombe.

"Mzee," alisema, "tulikuja kuonyeshwa jiko la gesi. Walituonyesha namna ya kuliwasha."

"Nanyi mliwaambia nini?"

Akaipindua kazi yake, akaitazama chini ya mguu kama imekaa sawa. "Tuliwaambia miguu yake ni myembamba, sufuria kubwa itaanguka mtu akisonga ugali. Mimi naweza kuitengenezea kitako kwa saa moja, kwa bati hili hili. Yule bwana akasema ni fikira nzuri."

"Aliiandika?"

"Aliiandika," akasema, akaishika nyundo tena.